Daktari Anayeingilia Puani

Daktari wetu wa upasuaji ni mama mfupi anayesimama juu ya kigoda ili amfikie mgonjwa. Mimi ni muuguzi, ndimi ninayemkabidhi vifaa. Yeye hupitisha puani kamera nyembamba kama kalamu, macho kwenye skrini, na kila akigusa mahali pagumu husema, "Pole, baba," ingawa mgonjwa kalala fofofo.

Juzi tulimlaza mezani fundi mwashi aliyeangukiwa na ubao usoni. Mfupa uliovunjika ulikuwa umeibana neva ya jicho la kulia, ule uzi unaopeleka picha kwenye ubongo, na jicho hilo halikuona hata mwanga. Kwa saa mbili daktari aliumega mfupa vipande vidogo kama punje za mchele. Kilipobaki kimoja, mkono wake ukasimama. "Dada, wewe unaona nini pale nyuma?" Nikamwambia naona kama mshipa wa damu unapiga. "Hata mimi. Basi nilikuwa nakwenda siko. Tuanze upya kwa chini." Wakubwa wangapi wangekiri hivyo mbele ya muuguzi? Akakitoa taratibu, mshipa haukuguswa.

Kesho yake asubuhi daktari alimziba fundi jicho lile zima, la kushoto, kwa kiganja. Fundi aligeuza uso huku na huku, mkewe kamshika mkono. "Dirisha," akasema, "liko upande huu."

"Ataona kama zamani?" mkewe akauliza.

"Mama, hilo sijui bado. Leo kaona dirisha." Kisha daktari akaenda mwenyewe, akalivuta pazia hadi mwisho.