Saruji Iliyoganda Mapema

Daktari mmoja wa meno wa Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa chetu, alinipotezea jino la mbele nikiwa msichana, na sijamsamehe. Naanza na hilo ili msomaji asikae akingoja nilainike.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, msimu wa joto. Jino lilikuwa na kitundu kidogo tu. Mama alinipeleka kwake kutoka kijijini kwetu Marodoka bila wasiwasi, kwa kuwa alikuwa mtu wetu, Mngazija kama sisi. Saruji nyeupe ya kuzibia meno wakati ule ilikuwa unga uliokorogwa na maji yake makali juu ya kipande kinene cha kioo. Kioo hicho hutakiwa kiwe baridi, ili saruji ichelewe kuganda na daktari apate muda wa kuisukuma hadi kwenye kuta za tundu. Chumbani mwake mlikuwa na friji ya mafuta ya taa. Ndani yake zilikaa chupa zake za limonadi. Kioo kilikaa dirishani, juani.

Nikiwa nimeachama, nilimwona akikoroga. Saruji ikaanza kumgandia mkononi, naye akaishindilia hivyo hivyo kwa kidole gumba. Kisha akafungua limonadi.

Saruji iliyokwisha kuanza kuganda haishiki. Inajaza tundu bila kuliziba; pembeni hubaki ufa usioonekana, mate yakapenya, uozo ukaendelea kula kwa chini. Kabla ya Ramadhani jino lilikuwa jeusi. Akaling'oa mwenyewe, akamwambia mama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakisubiri kwamba mimi ni mlafi wa sukari na nina kinywa kichafu. Maneno hayo yalifika Marodoka kabla yetu. Nilikuwa msomaji wa maulidi, na nilipendwa. Niliacha, kwa sababu kila nilipotamka herufi ya sini upepo ulipiga mluzi kwenye pengo, na wenzangu wakaziba midomo kwa leso.

Hasira ndiyo iliyonisomesha. Nilivuka bahari hadi bandari ya Antsahampano, bara, nikapanda gari mpaka Mahajanga, nikasomea meno, na baadaye nikafungua chumba changu mjini humo, mtaa wa Tanambao. Siku tuliyofundishwa habari ya kioo niliiandika daftarini kwa ghadhabu. Ni somo la mwanzo kabisa: kioo kipoe, ila kisipoe hadi kikatoa jasho, maana maji nayo huiharibu saruji. Yule bwana alilijua. Aliipenda limonadi yake zaidi.

Miaka ikaenda. Saruji ile ikaachwa, ikaja rezini, aina ya plastiki laini inayogandishwa kwa mwanga, ambayo yenyewe hufurahia joto: ukiipasha kidogo inalainika na kutambaa hadi kila pembe. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye fimbo, aliyehamia mjini kwa binti yake. Nilimtambua kabla hajaketi. Yeye hakunijua, nami nilivaa barakoa. Jino lililomleta lilikuwa la mbele.

Nilifikiria kumwekea rezini baridi, haraka haraka, ivuje polepole huku yeye akinishukuru. Wazo hilo lilikuwa tamu mno. Lakini nilitaka aione kazi inavyofanywa. Nikalipasha joto bomba la rezini mbele ya macho yake, nikamweleza kila hatua taratibu, kwa Kingazija, akiwa ameachama na hawezi kujibu.

"Joto ndilo linaloamua, mzee. Ukilipuuza, panavuja."

Nilipomaliza, alipitisha ulimi, akaridhika. "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Kwetu mdogo humwamkia mkubwa kwa kukinga viganja viwili na kusema kwezi. Mkubwa huvigusa na kujibu mbona. Nilikuwa sijampa heshima hiyo, na sasa alinyoosha mkono akiingoja. Nikavua barakoa, nikachomoa jino langu la bandia, nikaliweka kiganjani mwake.

"Mimi ni yule wa Marodoka mwenye kinywa kichafu," nikasema, na mluzi ukatoka.

Alilitazama jino, akalitazama pengo.

"Mbona," akasema kwa sauti ndogo.

Kwa Kiswahili ninachoandikia hapa, neno hilo ni swali. Nilimwacha nalo. Nikachukua jino langu, nikaliosha, nikamwita mgonjwa aliyefuata.