Posa Iliyokwama Getini Dhaka

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba mataifa na makabila ili tujuane, na aliyenirudisha nyumbani Saint-Josse, hapa Brussels, nikiwa mzima, na jibu la heri mkononi.

Niliondoka kwa sababu ya Yusufu, mtoto wa marehemu dada yangu. Ni muuguzi hospitalini Jette, humu humu mjini, na moyo wake uko kwa Nasrin, muuguzi mwenzake aliyezaliwa Bangladeshi. Baba wa binti, Mzee Karim, alikataa kujibu posa kwa simu. Mkubwa wa kijana aende Dhaka waonane. Mkubwa huyo ni mimi.

Mke wangu alitia suti kwenye sanduku, nikaitoa. Kwetu Buyenzi, nilikozaliwa, mshenga huvaa kanzu na makubadhi.

"Papa Amina, utajuta," alisema.

Ijumaa mimi na Yusufu tuliruka kutoka Brussels, na asubuhi iliyofuata tulikuwa Dhaka, katikati ya joto na kengele za riksho. Mzee Karim alituita klabuni kwake saa kumi alasiri. Njiani Yusufu alinieleza kwamba klabu kongwe za mji ule, zenye viwanja vya kriketi na tenisi, ndimo wakubwa wanamokutana, wakapatana biashara na hata ndoa.

"Donc tonton," alisema, akiniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake, "ile ndiyo sebule yao."

Getini bawabu alitusalimu vizuri, kisha akanitazama miguuni. Walizungumza Kiingereza, Yusufu akinifasiria.

"Bon, anasema kanzu haiingii. Na makubadhi pia. Ni règlement, kanuni ya klabu: suruali na viatu vya kufunika."

"Mwambie suruali ninayo, iko ndani."

"Anasema haionekani."

Bawabu, kwa huruma, alileta viatu vya mchezaji wa kriketi, vyenye meno chini.

"Tonton, ukivaa hivi watakupanga kwenye timu!"

Tulicheka, lakini kanzu bado ilitufungia nje, na kicheko cha Yusufu kilikatika upesi. Saa kumi na nusu ilipita. Ndani mzee alikuwa akisubiri, angedhani tumemdharau. Nikajua kwamba kama posa ingevunjika, ni ukaidi wangu ndio ungekuwa umeivunja. Nikaleta istighfari kimoyomoyo.

Mwishowe Mzee Karim alitoka mwenyewe, amevaa koti na tai. Aliitazama kanzu yangu kuanzia kola mpaka pindo. Kisha akavua tai, akaitia mfukoni, akatuongoza nje ya uzio wa viwanja vya tenisi, kwenye benchi la muuza chai.

"Baba yangu alivaa lungi, shuka ya kiunoni," alisema, Yusufu akifasiri. "Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwanachama. Nilipokuja kujifunza tenisi, baba alinisubiri hapa, nje, mpaka nimalize. Sijawahi kukaa alipokaa yeye."

Tulikunywa chai ya maziwa, mipira ikigonga nyuma yetu. Halafu akauliza alichotuitia.

"Binti yangu akiugua huko kwenu, nani atakaa naye?"

"Mke wangu," nilijibu. "Akichoka, mimi."

"Kwa kanzu hiyo?"

"Hii hii."

Mzee alicheka mpaka akamwaga chai. "Basi someni Fatiha," akasema. Tukaisoma palepale kuithibitisha posa, muuza chai akiitikia amina.

Jumanne tulirejea. Mke wangu alitupokea uwanja wa ndege.

"Na suti je?"

"Mama Amina, ingetunyima chai tamu."

Lakini sikulala vizuri wiki ile. Hapa Saint-Josse tuna klabu yetu ya maveterani wa mpira, na bawabu wake ni mimi. Ninakagua kadi, na mgeni asiye nayo huingia tu na mwanachama aliye mwenyeji wake. Wangapi nimewaacha wasimame mvuani kwa kuwa wenyeji wao wamechelewa, nami nikijiona mwaminifu? Kanuni sijaifuta, si yangu peke yangu. Ila Jumapili alikuja mgeni mmoja bila kadi. Nilitoa viti viwili nje, chini ya paa, nikakaa naye mpaka mwenyeji wake alipofika.

Nawe uliyenisindikiza kwa kusoma, Mungu asikusimamishe kwenye mlango uliofungwa; na akikusimamisha, akutolee mtu wa kukaa nawe. Amina.