Rejeta ya Chumba cha Aukje

Kila usiku kabla ya kulala, Wiebe Terpstra alishusha joto la nyumba. Akisahau, marehemu mkewe Aukje alikuwa akimgombeza mpaka akome. Huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ndivyo walivyolelewa wote: kupasha moto chumba kisichokaliwa na mtu ni aibu tupu. Ndiyo maana wiki ile ya mazishi alifunga koki ya rejeta, chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto, katika chumba cha kushonea cha Aukje, asiiguse tena.

Sasa gesi iliyokuwa ikipasha nyumba imeondolewa. Mwanawe Jelle amemwekea pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha maji: chini mabomba yamelazwa sakafuni, juu zimebaki rejeta za zamani. Nyumba ikawa barafu.

"Baba, watoto siwalazi kwenye baridi hiyo," Jelle alisema kwenye simu. "Krismasi tukija, tutalala hotelini."

Neno hilo lilimkata maini mzee. Akamwita fundi, dada mmoja mcheshi aitwaye Sietske.

"Mashine imekufa," Wiebe alilalamika. "Shika rejeta, vuguvugu tu!"

"Ndivyo inavyotakiwa, mzee wangu. Hii inapasha polepole, usiku na mchana. Ukiishusha kila usiku, sakafu inapoa, na kuipasha upya ni kazi ya kutwa."

"Niiache inawaka nimelala? Majirani watanionaje?"

"Waambie waje kwangu!" Sietske alicheka. "Na koki zote ziwe wazi, maji yapate pa kuzunguka. Hii ya huku juu mbona umeifunga?"

"Humo hakai mtu."

Sietske akaiona cherehani na kiti kitupu, kicheko kikamwishia. "Basi utaifungua mwenyewe," alisema taratibu.

Aliifungua alipobaki peke yake. Chumba kilipopata joto, harufu ya sufu na sabuni ya Aukje ikaamka, ile aliyodhani imekwisha zamani. Wiebe alilia kama mtoto.

Mkesha wa Krismasi nyumba nzima ilikuwa na joto, vitanda vimetandikwa. Simu ikalia.

"Watoto wana homa, baba. Tutajaribu Pasaka."

"Lakini hata huku juu kuna joto, Jelle. Unatembea bila soksi."

"Najua, baba. Pasaka."

Jelle akakata simu. Mkono wa Wiebe ukaenda wenyewe kushusha joto, akauzuia. Akapanda na kahawa yake, akakaa kando ya cherehani, mlango wazi, joto likizagaa katika vyumba visivyo na watu. Akangoja agombezwe. Hakugombezwa.