Koti la Kamanda kwenye Bariere

Askari wa bariere alimpigia saluti muuza makayabu. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, wakati wa vita, kwenye kizuizi cha askari mahali ambapo barabara ya Beni inaziacha nyumba za mwisho za Butembo. Askari aligonganisha visigino vya buti, akainua mkono hadi kwenye kofia, akasema: "Mes respects, Afande." Aliyeambiwa hivyo alikuwa rafiki yangu tangu katekisimu, mwanamke ambaye juma zima alikuwa amekaa sokoni nyuma ya lundo la samaki wa chumvi akifukuza nzi. Mimi nilisimama hatua tatu nyuma yake, mkononi nimeshika kaye, daftari langu, yenye maneno yote ya kamanda wa mchezo wetu. Nilikuwa na kila sababu ya kuogopa. Lakini kitu cha kwanza nilichokisikia tumboni hakikuwa woga. Kilikuwa wivu.

Katika parokia yetu Jumanne hiyo inaitwa Siku ya Kugeuza. Wamisionari waliileta kutoka kwao, ambako watu walikula nyama na mafuta kwa mara ya mwisho kabla ya Kwaresima, wakatembea barabarani wamefunika nyuso. Wazee wetu waliipokea, wakaiongezea ya kwao. Wanawake walivaa makoti ya waume zao. Wanafunzi waligonga kengele ya shule na walimu wakakimbia kupanga mstari. Katekista aliwachotea maji wapishi wa mapadri. Sheria ilikuwa moja tu: mpaka kengele ya jioni, mtu anasalimiwa kwa nguo aliyovaa. Ukivaa koti la mwalimu wewe ni Mwalimu, hata kama hujui kusoma, na anayekosea kukuita hivyo anakupa ndizi mbivu.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na ndiye aliyenisimulia jinsi teatri yetu ilivyotoka humo. Zamani kila kundi lilisimama mbele ya kanisa na kucheza kitu kifupi, bila maandishi, kisha likaendelea na ngoma zake. Mwaka mmoja, enzi za Wabelgiji, wakulima walimwigiza mkusanya kodi vizuri mno. Mkusanya kodi mwenyewe alipotokea kwenye kona, watu walimpigia makofi wakidhani ni mchezaji wa pili. Padri wa wakati ule aliona hatari. Aliagiza mbao, baba akajenga jukwaa ndani ya sale, ukumbi wa parokia, na tangu siku hiyo mchezo ukapata paa, viti, na maneno yaliyosomwa kwanza na padri. Baba alikuwa akisema kwamba waliichukua sikukuu wakaifundisha kukaa kwenye kiti. Alilisema kwa majivuno, maana jukwaa lilikuwa kazi ya mikono yake. Mimi niliyarithi majivuno hayo pamoja na nyundo zake.

Kwa hiyo nilipokuwa mwalimu wa darasa la nne, nikawa pia mwandishi na sekretere wa kundi la teatri. Niliandika kila kitu: nani alikuja kwenye mazoezi, nani alichelewa, sentensi gani iliwachekesha watu. Rafiki yangu alikuwa kinyume changu. Hakumaliza shule ya msingi. Alipenda maandamano ya barabarani, vumbi, kupiga makopo, na kumwita mkuu wa soko "mutoto wangu" kwa sababu siku hiyo yeye alivaa kofia ya mkuu wa wilaya. Kwenye jukwaa nilimpa sehemu ndogo ndogo. Niliwaambia wengine kwamba hawezi kushika maneno mengi.

Vita vilipofika kwetu, askari walikataza maandamano. Watu wengi kukusanyika barabarani wamefunika nyuso, hilo hakuna kamanda aliyelitaka. Padri wetu alikubali, akaiacha teatri peke yake, ndani, kwa tikiti. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Nilidhani sasa mji mzima utaingia chini ya paa la baba yangu na kunisikiliza. Niliandika mchezo kuhusu mbuzi wa mjane anayechukuliwa na askari, na kamanda anayefika kumrudisha. Kamanda nilijiandikia mwenyewe. Koti lake tulilipata kwenye nguo za mitumba, koti la kahawia la mlinzi fulani wa Ulaya, nami nilikata vyeo vya mabegani kutoka kwenye kopo la maziwa. Rafiki yangu nilimpa mjane, sentensi tatu.

Mchezo ulipendwa Butembo, na parokia moja ya Beni ikatualika tuucheze huko Siku ya Kugeuza. Siku mbili kabla ya safari, mafua yalinikausha sauti. Katekista aliyeongoza kundi alinisikiliza nikijaribu kusema, akatikisa kichwa, akawauliza waliokuwa kwenye mabenchi nani anayajua maneno ya kamanda.

"Miye," akasema rafiki yangu.

Katekista akamnyooshea kaye yangu asome.

"Hapana, sisomi. Kamanda gani uliona anasoma?"

Walicheka wote, hata katekista. Kisha alisimama na kuusema mchezo wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, sehemu ya kamanda na ya mjane na ya askari, bila kuruka neno. Miezi yote ile alikuwa amekaa kwenye kona akitengeneza mikeka, na kumbe alikuwa akinisikia. Nilimvalisha koti mimi mwenyewe. Lilimkaa kuliko lilivyonikaa mimi. Mimi nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kumnong'oneza maneno akiyasahau.

Tulisafiri katika lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, aliyepeleka maharagwe na vitunguu Kasindi na kurudi na sabuni. Alitubeba bure kwa sababu alipenda kucheka. Rafiki yangu alikuja kutoka nyumbani kwake amekwisha kuvaa koti, maana Siku ya Kugeuza inaanza jua linapotoka. Mwenye lori alimtazama, akasema kwamba yeye hakugeuka, amevaa kama dereva na aitwe dereva, lakini Afande akae juu mahali anapoweza kuwaona maadui. Wakampandisha kwenye magunia ya maharagwe. Kila abiria alimwita Afande, hata wauza vitunguu ambao hawakuwa wa parokia yetu.

Kabla ya bariere lori lilisimama kwenye mtelemko ili dereva atie maji katika radieta. Katekista alikuwa ndani ya kabini kwa sababu ya miguu yake mibaya. Alitoa kichwa dirishani, akaniita, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, panda umwambie atoe ile koti. Aifiche chini ya magunia mpaka tupite. Bale bantu hawachekake."

Nilijua maana yake: askari wale hawakuwa watu wa mzaha. Wiki chache kabla, kijana wa mtaa wetu alikuwa amepigwa vibaya kwa sababu ya suruali ya rangi ya jeshi. Nilipanda. Rafiki yangu aliponiona alininyooshea mkono kunivuta.

"Karibu, Mwalimu. Kamata mukono ya serikali."

Watu wakacheka, nami nikavutwa hadi juu kama gunia la mwisho. Nilikaa karibu yake. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, ndiyo, lakini kunong'ona niliweza, na ndiyo kazi niliyopewa. Hata bila kunong'ona ningeweza kuvuta mkono wa koti. Lori liliondoka. Nilivitazama vyeo vya kopo la maziwa mabegani mwake na nikanyamaza. Sikutaka apigwe. Nilitaka askari amvue koti lile mbele ya wote, aone aibu kidogo, tufike Beni akiwa tena muuza makayabu. Nilidhani aibu unaweza kuipima kwa kijiko.

Kwenye bariere walikuwepo askari wawili. Mmoja alikaa juu ya pipa, ameshika kuku kwa miguu, na kikongwe mmoja alisimama mbele yake, kikapu kitupu kichwani. Wa pili alitujia.

"Bote mushuke. Kila mutu na kitambulisho yake."

Rafiki yangu alishuka wa kwanza. Niliona uso wa katekista dirishani ukikauka. Askari alilitazama koti, akakitazama kitambaa cha kichwa chake, akazitazama ndala. Hapo ndipo ningetegemea ajieleze, aombe msamaha, ataje padri. Yeye alimpita, akamwelekea yule wa kwenye pipa, akasimama kama nilivyokuwa nikisimama mimi katika mazoezi, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Kuku ya huyu mama iliandikishwa jeshini lini?"

Sentensi hiyo ilikuwa yangu. Katika kaye ilikuwa mbuzi, siyo kuku. Niliifikiri jioni tatu, na katika sale watu waliichekea kiasi tu. Pale barabarani hakuna aliyecheka. Kuku peke yake ndiye aliyepiga kelele. Kisha askari aliyetushusha akagonganisha visigino, akapiga saluti, akasema maneno yale. Yule wa kwenye pipa alimtazama mwenzake, akamrudishia kikongwe kuku wake. Hakuna aliyetuuliza tena vitambulisho. Dereva hakungoja, aliwasha gari na sisi tukapanda huku lori linakwenda.

Tumelibishania jambo hilo miaka mingi. Wengine wanasema askari yule aliliona koti tu, na katika jeshi lile, lenye makamanda wapya kila mwezi, saluti ya bure haikumdhuru mtu. Dereva alisema askari yule alikuwa mtoto wa huku huku, labda wa upande wa Lubero, amekulia kwenye misioni na kuijua Siku ya Kugeuza, na kwamba alimsalimia kwa nguo aliyovaa ili asitoe ndizi. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na niliutazama mdomo wake. Kona moja ilitikisika. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Habari ilifika sokoni Beni kabla yetu, sijui kwa njia gani. Sale yao ilijaa, watu wakasimama madirishani katika joto lile la Beni, wakijipepea na kofia. Nilikaa nyuma ya pazia na kaye magotini. Rafiki yangu aligeuza mbuzi akawa kuku, na watu wakapiga miguu chini. Mara moja tu alinyamaza katikati ya sentensi. Nikafungua mdomo kumpa neno. Kumbe alikuwa akingoja wamalize kucheka.

Kesho yake tulipakwa majivu huko huko, tukarudi. Kwenye bariere walikuwepo askari wengine. Jumapili katekista aliitisha kikao. Alisema amemheshimu kila mtu, lakini kundi haliwezi kuendelea na mtu asiyesikia amri. Siku nyingine atatuua sisi wote.

Rafiki yangu aliuliza ni amri gani.

"Nilimutuma Mwalimu akuambie utoe koti. Mbele ya bariere."

Akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Koo langu lilikuwa bado halijapona, na nilipojaribu kusema kilitoka kikohozi. Nilikohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi aliniambia," akasema polepole. "Hakuna sauti ilibakia kwake, na lori ilikuwa inapiga kelele. Ni miye hapana sikia. Mumusamehe Mwalimu."

Katekista alisema kutosikia na kukataa ni kitu kimoja. Alimtoa katika kundi, na kama sekretere nilipewa kazi ya kulifuta jina lake katika orodha. Nilitumia rula.

Sauti yangu ilirudi kabla ya Pasaka, na sehemu ya kamanda ikanirudia. Koti nililipunguza mabega. Mwaka uliofuata, Siku ya Kugeuza, niliingia jukwaani na kuona mabenchi ya nyuma yako wazi. Niliposimama mikono nyuma, tumbo mbele, mtoto mmoja mstari wa kwanza alimwambia mama yake kwamba huyu anamwiga Mama wa makayabu. Watu walikuwa sokoni. Rafiki yangu alisimama juu ya masanduku ya samaki, bila koti, vyeo vya majani ya mgomba mabegani, akiwauliza wachuuzi bidhaa zao ziliandikishwa jeshini lini. Askari wawili walikuwa kati ya watazamaji na hawakumfukuza. Hakuwa na paa wala tikiti. Katika kaye yangu niliandika: watazamaji sale, themanini na wawili. Sokoni sikuhesabu.

Vita vilipungua, vikarudi kwa sura nyingine, na sisi wawili tumezeeka katika mtaa mmoja. Watoto wa shule humtembelea awasimulie kuhusu bariere, nami hualikwa niketi karibu kama shahidi. Anasimulia vizuri mpaka leo. Akifika kwenye mtelemko, kabla ya bariere, husema kila mara: "Mwalimu alinionya, masikini, lakini sauti ilikuwa imekwisha." Kisha ananishika goti na kuendelea na askari.

Katekista alihamia Lubero na bado yuko hai; barua ingemfika. Orodha ya kundi iko kwangu, na mstari niliopiga kwa rula bado uko juu ya jina la rafiki yangu.