Safari ya Kamachumu Kumtetea Felista

Nilifunga safari kwa sababu ya simu ya binamu yangu Elieza. Mama yake, yaani shangazi yangu, alikuwa amekutwa na saratani ya titi. Daktari wa Bukoba alimtaka arudi haraka aanze matibabu, naye akagoma. "Anasema ametupiwa uchawi," Elieza aliniambia, "na aliyemtupia ni Felista, jirani. Njoo wewe unayesomea hayo madudu."

Hayo madudu ndiyo ugali wangu. Katika maabara Mwanza nachunguza minyororo midogo ya sukari iliyoshikamana na protini za nje ya seli, na jinsi vinasaba vya saratani vinavyoibadilisha. Nimeyaeleza mara nyingi mbele ya maprofesa. Mbele ya shangazi, nilikuwa sijawahi, na niliogopa.

Alfajiri meli ilifika Bukoba, mvua ikinyunya. Nilipata gari hadi Muhutwe, kisha jingine la kupanda mlima. Migomba ilisogea hadi kando ya barabara, kahawa imeanikwa kwenye mikeka na kufunikwa haraka kwa turubai. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua.

Mchana niliingia Kamachumu. Shangazi alikuwa ameketi sebuleni juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa, kama ilivyo desturi yetu. "Waitu, mwanangu, umekonda!" alinipokea, yeye ambaye gauni lilikuwa likimpwaya. Roho iliniuma.

Hakunizungusha. "Felista alinipa juisi ya ndizi bila kuonja kwanza. Miaka yote anaonja. Siku ile hakuonja, na baada ya hapo ndipo uvimbe ukaja."

Kwetu mwenye nyumba huonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue hakina sumu. Lakini hawa wawili wameimba kwaya moja tangu usichana. Nadhani Felista alishasahau kwamba shangazi ni mgeni.

"Shangazi," nilisema, "ugonjwa huu haukutoka nje. Kila seli ya mwili imevaa sukari, si hii ya chai, na walinzi wa mwili huitambua kwa vazi hilo. Kinasaba kikiharibika, mafundi wa ndani ya seli wanaoshona vazi hupewa amri nyingine. Sukari zinatoka zimebadilika. Mlinzi akitazama, anaona hakuna tatizo, anapisha."

"Kwa hiyo ni mwizi aliyevaa sare."

"Si mwizi. Ni mtoto wa humuhumu ndani aliyeharibika tabia."

"Nani aliyekiharibu hicho kinasaba?"

"Mara nyingi hatujui. Lakini si kikombe cha Felista."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikaelewa jambo ambalo maabara haikuwahi kunifundisha. Mchawi ana faida yake: ana jina, na mlango wake unaujua. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya shangazi mtu wa kumchukia, na badala yake nikampa mwili wake mwenyewe. Tangu siku hiyo siwezi tena kueleza kazi yangu harakaharaka.

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha kanisani. "Nitakwenda," alisema. "Lakini Elieza, kamwite Felista. Sitaki kwenda bila yeye."

Felista alikuja na mkoba mkononi, bila kuuliza kitu. Tuliteremka hadi Bukoba, wao wawili kiti cha nyuma, wakitazama kila mmoja dirisha lake.

Ni kwenye benchi la hospitali ndipo shangazi alipoanza.

"Felista, nilikusema vibaya."

"Najua. Kamachumu nzima ilikuja kunieleza."

"Na bado umekuja?"

"Wewe pona kwanza, bojo, ndugu yangu. Nina ugomvi mkubwa na wewe, na kugombana na mgonjwa siwezi."

Shangazi alicheka hadi akashika ubavu. Muuguzi akatokea mlangoni, akaita jina la shangazi, na wote wawili wakasimama.