Konyezo la Da-on

Hapa sokoni Gunsan, Korea, mtoto bado hajui kusema vizuri, tumeshamfundisha kubana mashavu, kufanya umbo la moyo kwa vidole na kukonyeza. Akiweza, tunacheka na kumpa peremende. Kwa hiyo Da-on wa miaka minne alipoanza kukonyeza bila kufundishwa, bibi yake Bun-im alivimba kichwa.

Bun-im anauza mwani mkavu. Mimi nauza samaki meza ya pili, na maneno yake nayasikia nitake nisitake. Binti yake anafanya kazi Seoul, mtoto kamwachia yeye.

"Haya, mkonyeze shangazi!" humwambia mtoto. Da-on anasogea juani, anafumba jicho la kushoto, wateja hoi.

"Huyu akikua nani atamweza?" wanauliza.

"Kanirithi mimi. Enzi zangu sikuwa mchezo!"

Kivulini mtoto hakonyezi hata umbembeleze. Bun-im alisema ni maringo.

Kisha mwalimu wa chekechea akapiga simu: Da-on akichoka, jicho lake linakimbilia upande wa sikio. Bun-im alifura. "Mwenye makengeza ni yeye! Mjukuu wangu namwangalia kila siku." Binti yake akashikilia waende hospitali, nami nikawasindikiza.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimtazama Da-on. Macho yote mawili yalikuwa sawa kabisa.

"Si unaona?" Bun-im akasema.

Daktari akaziba jicho la kushoto kidogo, kisha akaondoa mkono. Jicho lilikuwa limekwenda nje, likarudi polepole. Bun-im alinigeukia mimi, akamgeukia daktari.

"Linatoka na kurudi? Sasa ni bovu au zima?"

"Bado analirudisha mwenyewe, bibi. Lakini anaanza kuchoka. Akiliacha litoke tu, atasahau kutumia macho mawili pamoja."

"Na kule kukonyeza?"

"Jua linamsumbua, ndiyo maana anafumba moja."

"Lakini anacheka akifumba!"

"Nyinyi mnacheka, bibi. Naye anacheka."

Njiani Bun-im aliniuliza tena na tena kama mtoto alikuwa akiumia.

Walijaribu kumziba jicho moja moja kwa zamu, saa chache kila siku. Jicho likazidi kutoka, hata kivulini. Daktari akasema misuli ifanyiwe upasuaji. Bun-im hakuelewa: mtoto anakula, anaruka, halafu akakatwe jicho? Usiku kasema hapana, asubuhi kasema ndiyo, mchana kaniuliza mimi, kana kwamba kuchuna samaki ni udaktari. Mwisho alikubali kwa woga tu, woga wa kukataa.

Baada ya upasuaji tuliingia chumbani. Macho ya Da-on yalikuwa mekundu, na lile jicho sasa lilielekea puani. Bun-im akashika mdomo. "Mmelipeleka kubaya zaidi!"

"Tumelipitisha kidogo makusudi," daktari akasema, "litarudi lenyewe katikati. Kwa siku chache ataona vitu viwili viwili."

"Bibi," Da-on akaita, "mko wawili."

Bun-im akaangua kilio. Hakujua tena kama amemwokoa mtoto au amemharibu, na mimi pia sikujua. Da-on alinyoosha mkono amfute machozi, akafuta hewa kando ya shavu lake, taratibu, kwa makini. Bun-im akausogeza uso wake hadi pale mkono ulipokuwa.