Bahasha ya Siku ya Kwanza, Sumbawanga

Siku yangu ya kwanza kaunta ya posta nilikaripiwa kwa kulamba stempu. Nilikuwa nimetoka Mbeya, msichana mwembamba mwenye sweta moja, sijajua kwamba kwa baridi ya Ufipa sweta moja ni sawa na kutembea uchi. Postamasta alinijia kwa nyuma akaniuliza, "Binti, una njaa?"

"Hapana, mzee."

"Basi acha kula mali ya serikali. Sifongo ile pale, iloweshe."

Ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, na yote yanachoma. Lakini kazi alinifundisha yeye, hilo silikatai. Alinifundisha kuchana stempu kwenye shiti kwa kukunja kwanza kwenye mstari wa vitundu, unageuza, unakunja tena, ndipo unavuta. Mkasi ulikuwa marufuku. Alinifundisha kugonga mhuri wa tarehe ili ushike kona tu ya stempu, picha ibaki safi. "Ukimgonga mtu usoni," alisema, "atajulikanaje?" Siku hizi mnabandika kile kikaratasi cha mashine na kukipiga wino kama mnaua mende. Haya, endeleeni.

Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, nieleze kidogo. Kulikuwa na stempu za kawaida, zile za mwaka mzima, na kulikuwa na stempu za ukumbusho. Hizi zilitolewa kwa jambo maalumu: sherehe za uhuru, chanjo ya watoto, kilimo, michezo. Zikiisha zimeisha. Wakusanyaji walizipenda zote, ila walichokililia hasa ni bahasha yenye stempu mpya, iliyogongwa mhuri tarehe ileile stempu zilipotolewa. Hiyo ndiyo bahasha ya siku ya kwanza. Ikigongwa kesho yake, ni barua tu kama barua nyingine.

Sumbawanga hatukuwahi kuipata. Si kwa uvivu wetu! Kifurushi kilitoka Dar vizuri, kikafika Mbeya, kikafika Tunduma, na hapo kikakutana na barabara yetu. Masika lori la barua lililala kwenye tope huko Laela, dereva anachoma mahindi na wenyeji. Sisi tulikuwa tunafungua stempu za sherehe watu wameshasahau hata walichosherehekea.

Aliyeumia kuliko wote ni Mwalimu Patrisi wa kijiji cha Mollo. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Stempu zake za ukumbusho alizipanga kwenye albamu, anazishika kwa kibanio, hata mkewe Mama Yustina hakuruhusiwa kuzigusa. Alizifundishia darasani enzi zake. Watoto walikuwa wanaijua nchi kwa picha zile. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: kukosa hata bahasha moja ya siku ya kwanza yenye jina la Sumbawanga kwenye mhuri.

"Dar wanazo, Arusha wanazo," aliniambia. "Mtu akitazama albamu hii atadhani huku habari za nchi hatukuzipata."

Siku moja alimwomba Postamasta arudishe tarehe ya mhuri nyuma kidogo, kwa bahasha moja tu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuutafuta ufunguo wa kugeuzia namba. Postamasta aliuweka mkono wake juu ya mhuri.

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema. "Lakini mhuri huu hauwezi kusema kitu kilikuwepo hapa wakati hakikuwepo."

Nilitegemea Mwalimu akasirike. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Ungekubali, nisingeiamini hata mwenyewe." Wakapeana mikono. Nawakumbuka wale wazee wawili hadi leo, nasikia uchungu.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha Laela, kaunta moja na sanduku moja la barua, foleni yangu kubwa ni wanunuzi wa mahindi wanaopiga simu Mbeya. Niliporudi mjini nchi ilikuwa imeshageuka. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilikuwa zimekolea. Mitumba imejaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yanapigiana honi, na barua zetu sasa zinapakiwa kwenye mabasi hayohayo. Postamasta alishastaafu kwenda kwao. Mahali pake tuliletewa kijana wa tai, anayetaka aitwe Meneja. Neno lake lilikuwa wateja. Wananchi walikuwa wamekwisha.

Stempu za ukumbusho nazo ziliongezeka ghafla, toleo juu ya toleo, lakini kwetu hazikuonekana. Tulisikia zinauzwa ng'ambo kwa wakusanyaji wa huko. Zile taarifa za mapema kutoka Dar, zenye picha na maelezo ya kila toleo, hazikuja tena. Mwalimu alikuwa akija kaunta, ananiuliza kwa macho tu, nami natikisa kichwa.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja kondakta wa basi la Mbeya alituteremshia kifurushi chenye lakiri, ile nta ya kuzibia. Juu pameandikwa stempu za ukumbusho, kisifunguliwe kabla ya tarehe ya kutolewa. Nikatazama tarehe. Ilikuwa bado! Nilipiga kigelegele palepale kaunta, Meneja akatoka mbio akidhani tumevamiwa.

"Mama, ni stempu tu," alisema.

"Wewe mgeni hapa," nikamjibu. "Nyamaza kwanza."

Nilituma salamu Mollo kwa muuza maziwa. Kufungua lakiri kabla ya siku yake hatukuthubutu, hilo Postamasta alituachia kwenye damu. Kwa hiyo hakuna aliyejua ndani mna nini, na kila mtu alikisia. Mwalimu alisema labda safari hii ni Ziwa Rukwa, au maporomoko ya Kalambo.

Siku ikafika. Tulipofungua mlango tulimkuta ameshasimama, suti ya kanisani, viatu vinang'aa, Mama Yustina pembeni na kitenge kipya.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Leo usitetemeke mkono."

Bahasha yake alikuwa ameshaiandika kwa mwandiko ule wa ubaoni, anwani yake mwenyewe. Nilikata lakiri, nikaitoa shiti, nikaiweka mbele yake. Tukainama wote watatu.

Walikuwa wacheza sinema wa ng'ambo. Sura nne, nywele zimechanwa, wanacheka. Chini yao, kwa herufi ndogo, Tanzania.

Mwalimu alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Hawa ni nani?"

"Wa sinema, nadhani."

"Walishafika huku?"

"Sidhani, Mwalimu."

"Sasa tunawakumbuka kwa lipi?"

Meneja alidakia kwamba ndizo zinazouzika nje, kwamba dunia imebadilika, mzee. Mama Yustina alimwambia taratibu, "Baba, chukua tu. Umeingoja sana." Mwalimu aliikunja katikati ile bahasha yake, bado haina stempu, yeye ambaye hakuwahi kukunja bahasha, akaitia mfukoni.

"Asante, binti yangu. Kosa si lako."

Walitoka, upepo unampeperushia Mama Yustina kitenge. Hakurudi tena kuulizia stempu. Alikuja kwa barua za wanawe tu, na tulipomzika Mollo nilielezwa kwamba albamu hakuifungua tena tangu siku ile.

Mimi mchana ule nilitoa bahasha yangu mwenyewe. Nilibandika zile sura nne, nikagonga mhuri kwenye kona, kama nilivyofundishwa. Sumbawanga inasomeka, tarehe inasomeka, na kila kitu ni kweli.

Nimestaafu sasa, naishi Kizwite, nina kuku na magoti mabovu. Watu husema kazi yetu imeuawa na simu. Labda. Mimi naona ilianza kufa siku tulipompa Mwalimu alichokiomba, naye hakuweza kukichukua. Bahasha ninayo kabatini. Juzi mjukuu wangu aliitoa akaniuliza, "Bibi, hawa ni ndugu zetu?" Nikamwambia siwajui.